Rubani Aliyenusurika Asinyamazishwe



Sisi wa Amagoro twaijua njia iliyosongamana. Malori mawili yakikutana pua kwa pua pale Malaba, madereva husimama, hutukanana, na hatimaye mmoja hurudi nyuma. Ndege haina nafasi hiyo, kwani ikisimama angani imekwisha kuanguka.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, karibu na Uwanja wa Wilson. Moja ilikuwa Dash 8 ya kampuni ya Safarilink, iliyotoka Wilson kwenda Diani ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Nyingine ilikuwa Cessna 172 ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi Wilson salama. Ile ndogo ilianguka mbugani, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa.

Tangu siku ile nimesikia watu wakisema, “bahati mbaya,” na wengine, wenye sauti ya unyenyekevu zaidi, “mapenzi ya Mungu.” Nayakataa maneno yote mawili. Ndege hazigongani kwa kuandikiwa. Karibu na uwanja ndiko zinakokusanyika, moja ikipaa, nyingine ikitua, ya tatu ikizunguka kwa mazoezi. Na kila mahali duniani zimewekewa kinga zaidi ya moja. Kuna mwongozaji aliye mnarani. Kuna urefu uliopangwa, ambao kwa ndege ziendazo kwa vyombo kwa kawaida ni futi 1,000 baina ya moja na nyingine. Kuna mtambo wa kuonya, unaomwambia rubani mmoja apande na mwenzake ashuke, lakini mtambo huo ni kiziwi iwapo ndege ya pili haina kifaa cha kujitangaza au kimezimwa. Kinga ya mwisho ni macho ya rubani. Na macho hayo ni dhaifu kuliko tunavyodhani: Cessna yenye mabawa juu humficha rubani kilicho juu yake, na ndege inayopaa imeinua pua, haioni vizuri kilicho chini mbele yake.

Ajali hutokea kinga hizo zinapotoboka moja baada ya nyingine, huku wenye dhamana wakitazama. Mnamo tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Delhi nchini India, ndege mbili kubwa ziligongana na watu 349 wakafa. Zilizotoka na zilizoingia zilipita katika ushoroba mmoja, na rada ya uwanja ilimwonyesha mwongozaji mahali ndege zilipo bila kumwonyesha urefu wake. Baada ya maziko ndipo mitambo ya kuonya ikalazimishwa na sheria.

Msiseme hayo ni ya nchi maskini. Tarehe 29 Januari 2025, jijini Washington, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua, wakafa watu 67. Mwongozaji mmoja alikuwa akizihudumia helikopta na ndege za abiria kwa pamoja. Lakini lililonikasirisha zaidi ni hili: wachunguzi walipofungua kumbukumbu, walikuta kwamba kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 ndege za abiria na helikopta zilikaribiana mno pale mara 15,214. Mara elfu kumi na tano! Onyo lilikuwa limeandikwa na kuhifadhiwa, na hakuna aliyelifanyia kazi mpaka maiti zilipoopolewa mtoni.

Hapa nyumbani nasi tuna kaburi la aina hiyo. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri iliruka kutoka kiwanja cha Busia, ikakumba nyaya za umeme na kuangukia nyumba. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wawili. Haukuwa mgongano wa ndege kwa ndege, nakiri. Lakini nyaya zile hazikuota siku ile.

Wakenya tulipigania haki ya kusema bila kuogopa kachero. Haki hiyo ifike mnarani na katika chumba cha rubani. Anayenusurika kugongana aripoti bila kuhofia kazi yake, na mwongozaji aliyechoka aseme kwamba amechoka. Mamlaka ya Usafiri wa Anga itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili, ni mara ngapi ndege zimenusurika kugongana katika kila uwanja na hatua gani zimechukuliwa. Utaratibu wa kimataifa ambao Kenya imeukubali unataka ripoti kamili ya ajali itolewe hadharani, ikiwezekana ndani ya miezi 12.

Mbunge wenu atakapokuja tena kuchangia ujenzi wa kanisa, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni: Wilson ilikuwa na waongozaji wangapi kazini asubuhi ile, na leo ina wangapi?