Sabuni Haiulizi Mkono ni wa Nani

Tangazo la sabuni huuza vitu viwili. Cha kwanza ni sabuni. Cha pili ni fundisho: nani afue. Sabuni tunailipa kwa franka. Fundisho tunapewa bure, na ndilo linalokaa nyumbani zaidi.

Tuanze mbali. Mwaka 1884 huko Uingereza, William Lever alianza biashara ya sabuni yake ya Sunlight. Tangazo lake moja lililojulikana sana liliuliza kwa nini mwanamke huonekana mzee upesi kuliko mwanamume. Jibu lake: kufua kunamchosha, basi anunue Sunlight. Tazameni ujanja! Muuzaji aliuona mzigo wa mama, akautaja mbele ya watu wote, lakini hakumwambia baba ashike hata upande mmoja wa shuka.

Nasi Wakongo tumo katika habari hii. Mwaka 1911 Lever alipatana na serikali ya Ubelgiji, akaruhusiwa kuchukua hata hektari 750,000 za misitu ya michikichi. Mji wa Leverville, ndio Lusanga ya leo, ukapewa jina lake. Wanaume wetu wakakwea michikichi kukata mikungu, wengi kwa kulazimishwa, ili mafuta ya sabuni yapatikane. Kumbe mkono wa mwanamume ulifaa kuipata sabuni. Katika picha tu haukufaa kuitumia.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1933, kule Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ililipia hadithi ya redio iitwayo Ma Perkins ili kuuza sabuni ya Oxydol. Ilisikika mchana, saa ambayo mama yuko nyumbani. Hadithi za namna hiyo Waamerika wakaziita michezo ya sabuni, na jina hilo limebaki. Mwaka 1958 kampuni ile ile ilimleta Mr. Clean, anayeitwa Monsieur Propre kwa Kifaransa: mtu mwenye upara na mikono ya nguvu. Mwanamume ameingia jikoni sasa? Hapana! Yeye alikuwa picha juu ya chupa. Aliyetazamiwa kuinunua ile chupa na kupangusa sakafu alikuwa mama.

Siku zetu hizi mambo yamegeuka kidogo. Mwaka 2015, nchini India, sabuni ya Ariel iliuliza waziwazi kama kufua ni kazi ya mwanamke peke yake. Mwaka 2016 ikaonyesha mzee anayemtazama binti yake akitoka kazini na kubeba kazi zote za nyumba, huku mume ameketi. Mzee akamwandikia barua ya kuomba radhi, kwa sababu hakumwonyesha mfano mwingine alipokuwa mtoto. Na Uingereza, tangu Juni 2019, inakataza matangazo yanayowafungia wanaume na wanawake katika desturi zenye madhara. Kati ya yale ya kwanza kukatazwa, moja la jibini lilionyesha wababa wawili waliosahau watoto wao wachanga wakiwa wanakula.

Wengine watasema: vema, basi mambo yamekwisha tengenezwa. Sisi tunasema: bado. Muuzaji hufuata mfuko. Mfuko ulipokuwa mikononi mwa mama wa nyumbani, alimsifu mama wa nyumbani. Sasa mama anafanya kazi na kulipwa, naye anabadilisha wimbo. Kesho atabadilisha tena. Tukimwachia muuzaji kazi ya kufundisha watoto wetu, tutakuwa na maadili yanayopanda na kushuka kama bei ya mihogo. Hata yule baba mjinga anayesahau mtoto ni fundisho baya: linamfundisha kijana kwamba yeye hawezi, na asiyeweza hatumwi.

Wengine watajibu: lakini hii ni desturi ya wazee wetu! Desturi gani? Wakati wa Wabelgiji, nani aliyefua na kupiga pasi katika nyumba za wazungu? Walikuwa wanaume, babu zetu, walioitwa maboyi hata wakiwa na mvi. Walifua vizuri sana. Jioni walirudi kwao, na mkono ule ule ukawa haujui kufua! Kwa mshahara haikuwa aibu. Kwa upendo ikawa aibu. Ni kweli, wazee wa zamani waligawanya kazi. Baba alikata msitu, akajenga, akawinda. Mama alilima, akateka maji, akapika. Lakini leo, mjini Bukavu au Kalemie, baba hakati msitu tena. Sehemu yake imepungua. Ya mama haikupungua, bali imeongezwa kuuza sokoni tangu asubuhi. Anayedai desturi, aidai nzima.

Nasi tunaoandika hatujitoi. Seminarini tulifua kanzu zetu wenyewe kila Jumamosi, wala hakuna aliyekufa. Tulipooa tukasahau upesi mno. Na tumeona matokeo darasani: Jumamosi ya mafundisho wavulana wanafika saa tatu, nguo nyeupe, wasichana wanafika saa nne, mikono imekunjamana kwa maji. Wale waliovaa usafi na wale walioutoa si watoto walewale. Halafu tunauliza kwa nini wasichana hawajui majibu!

Basi wababa, tusingoje tangazo jipya. Jumamosi ijayo beseni mbili ziwekwe uani, moja ya mvulana na moja ya msichana, naye baba akae pamoja nao na shati lake mwenyewe. Majirani watacheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili watazoea. Na binti zetu watafika saa tatu.