Polisi Mwenye Ufundi Apewe Kazi ya Ufundi Wake

Jeshi la Polisi lilipotangaza nafasi za ajira mwaka 2024, halikuwaita vijana wa kidato cha nne na cha sita peke yao. Liliwaita pia wenye astashahada, stashahada na shahada. Tangazo la namna hiyo husomwa kwa shauku Mlandizi kama linavyosomwa Maneromango, na kwa vijana wa wilaya za Kibaha na Kisarawe lina maana moja: kwamba polisi wa leo hapimwi kwa kimo na wepesi wa mguu tu, bali hata kwa kile ambacho mikono yake inajua kufanya. Jambo hilo tunaliunga mkono kwa dhati. Lakini lipo swali ambalo tangazo la ajira halilijibu, nalo ni hili: kijana akishakula kiapo, ufundi wake unakwenda wapi?

Jeshi hili lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto. Mtawala wa kigeni alimtaka askari wa kutii amri, kulinda boma na kuwaswaga wasiolipa kodi ya kichwa. Fundi alikuwa mtu mwingine kabisa. Uhuru uliibadili shabaha ya Jeshi, ila mazoea ya kumtazama kuruta kifua kabla ya kichwa hayakuondoka siku ile bendera iliposhushwa. Wakati huohuo Taifa lilikwisha jiwekea utaratibu wa kuwapima mafundi wake, kwanza kwa sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, kisha kwa sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mafundi hawajulikani walipo.

Tuitazame barabara kuu ya Morogoro inavyoipasua Kibaha, na malori yanayopita humo usiku na mchana kwenda bara na nchi jirani. Lori linapogonga na watu wakafa, dereva husema breki zilikataa. Karibu kila dereva husema hivyo. Hapo huitwa mkaguzi wa magari wa polisi, na taarifa atakayoiandika ndiyo itakayosomwa mahakamani. Mtu huyo hana budi kujua kama mpira wa breki ulipasuka kabla ya ajali, au ulikatwa na kishindo chenyewe. Maana ufa wa siku nyingi huwa mkavu na umejaa vumbi, na mkato mpya huwa safi. Hana budi kujua kwamba katika lori la breki za upepo, upepo ukipungua mno springi huzikaza breki zenyewe, hivyo dereva asemaye kwamba upepo uliisha na gari likazidi kukimbia anatakiwa aeleze zaidi. Na ajue pia kwamba breki zilizoshika moto kwenye mteremko huweza kulegea ingawa hakuna kilichokatika, na kwamba baada ya saa chache chuma kikishapoa dalili nyingi hupotea. Asiyeyajua hayo naye atajaza fomu, atatia saini na kugonga muhuri. Kwa saini hiyo dereva atakwenda gerezani, na tajiri aliyekataa kununua vipuri atabaki nyumbani kwake. Au dereva mzembe ataachiwa, na wafiwa wataambiwa ilikuwa kudura. Hiyo ni dhulma, na haipungui kuwa dhulma kwa kuwa aliyeitenda hakujua.

Mambo ni hayo hayo relini. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Soga na Ruvu, wilayani Kibaha, chini ya waya wenye volti 25,000. Reli ya TAZARA nayo inakatiza Kisarawe kwa njia ya Mzenga. Polisi anayetumwa usiku kumkamata mwizi wa nyaya lazima aelewe kwamba umeme wa nguvu hiyo huweza kumwua mtu ambaye hata hajaugusa waya. Kesho yake atatakiwa aieleze mahakama waya uliokamatwa gereji ni wa reli au ni wa nyumba ya mtu. Bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa mwaka 2025 imeongeza makontena, mashine na mizigo ya kila aina, na kila kitu kipya huja na wizi wake.

Wapo wasemao kwamba Jeshi si karakana, na kwamba fundi akihitajika aitwe wa mtaani alipwe ujira wake. Kwa kubadili oili ya gari la kituo, hoja hiyo tunaikubali. Lakini fundi wa mtaani hakula kiapo cha kulinda ushahidi, na mara nyingi mwenye lori ni mteja wake. Kazi ya kusema kilichotokea haiwezi kukodishwa kwa mtu wa namna hiyo.

Sasa tuje kwa vijana wenyewe. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu, na astashahada inahesabiwa juu ya hizo. Tangazo linapotaja astashahada na kuendelea bila kutaja ngazi za VETA, kijana aliyesoma umeme wa magari Kibaha hujikuta akiomba kwa cheti cha kidato cha nne, na ufundi wake unabaki mkobani. Mwenzake wa Kisarawe aliyejifunza pikipiki chini ya mwembe, kwa miaka na si kwa mihula, hana hata karatasi ya kuweka mkobani. VETA inao utaratibu wa kuwapima mafundi wa aina hiyo na kuwarasimishia ujuzi wao. Halmashauri zetu zikiacha kuusubiri utaratibu huo uje wenyewe vijijini, vijana hao watafika kwenye usaili wakiwa na kitu mkononi. Ukweli ni kwamba asiye na kidato cha nne bado atafungiwa mlango, na hilo ni suala la kujadiliwa siku nyingine.

Karatasi nayo isiabudiwe. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa sababu hiyo fundi anayeomba upolisi asiishie kuulizwa maswali. Apewe injini isiyowaka, apewe na nusu saa, wasaili wasimame kando.

Baada ya hapo ndipo linakuja jambo lililotufanya tushike kalamu. Shule ya Polisi Moshi humfundisha kuruta gwaride, sheria, silaha na nidhamu, na ni haki afundishwe, kwani yeye ni polisi kwanza. Hatari iko siku ya kupangiwa vituo. Fundi wa breki akisimamishwa miaka mitano kwenye lango la benki, atakuwa ameusahau ufundi, na fedha za umma zilizomsomesha zitakuwa zimemwagwa mchangani. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipowasilisha taarifa yake Julai 2023, ilitaka mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Hatuoni mageuzi yaliyo rahisi kuliko hili, kwa kuwa halihitaji jengo wala sheria mpya.

Vijana walioanza mkondo wa amali katika shule za sekondari mwaka 2024 watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Kabla hawajafika mlangoni, hati ya kumpangia polisi mpya kituo iwe na safu ya fani yake, na kamanda wa mkoa anayempeleka fundi kwenye kazi isiyo ya fani hiyo aandike sababu zake hapo hapo.