Jua Ndilo Liwe Mwamuzi

Kila jioni niketipo barazani hapa Ifakara nawaona watoto wakiendesha magari yao ya waya. Magurudumu yamekatwa katika ndala chakavu, usukani ni waya mrefu unaofika kiunoni mwa dereva, na kona zinapigwa barabara. Kisha watoto hao hao wakiingia sekondari wanaambiwa waache mchezo, wasome fizikia. Ndugu msomaji, ugomvi wangu unaanzia hapo.

Kwanza nakiri kosa langu. Nilipokuwa mkuu wa shule, mahali ambapo sitapataja, nilimnyang'anya kijana mmoja gari alilolitia mota ya redio kaseti. Nikalifungia kabatini mpaka alipomaliza kidato cha nne. Wiki ile ile nilikuwa ubaoni nikichora mota, duara lenye herufi M katikati, na darasa zima likinakili. Mota yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Baadaye, chuoni, niliwafundisha walimu wanafunzi juu ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Sisi tuliigeuza kuwa jembe na bustani ya mchicha, basi. Kichwa cha mtoto tulikiacha kijitegemee chenyewe.

Sasa nasema: tuanzishe mashindano ya magari madogo ya sola kwa shule zetu, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba. Nitaambiwa hayamo katika mtaala. Mbona UMISSETA ipo, na kila mwaka tunapata basi la kupeleka wacheza mpira? Wengine watasema tunao Young Scientists Tanzania, ambao tangu 2012 huwakutanisha wanafunzi na miradi yao ya sayansi kule Dar es Salaam. Ni jambo jema, silipingi. Lakini pale mwanafunzi husimama mbele ya bango akawaeleza majaji, na mwenye ulimi mwepesi hupata nafuu. Gari la sola halina ulimi. Ukiliweka juani, ama linakwenda ama haliendi.

Na somo limo humo humo. Jua la saa sita humwaga wati kama 1,000 katika kila mita ya mraba, na paneli ya kawaida hugeuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Paneli yenye ukubwa wa daftari, basi, hutoa wati 6 hivi, tena jua likiwa kali. Hapo mtoto atapima mwenyewe kama fremu iwe ya mbao au ya mabua, gia iwe kubwa au ndogo, paneli ilazwe au iinamishwe. Wingu likipita, gari litasimama mbele ya macho yake. Mimi kwa chaki sikuweza kumwonyesha mtu wingu.

Ipo hatari ninayoiogopa kuliko uvivu wetu. Watatokea wafadhili na maboksi ya vipande vilivyokwisha kukatwa na kutobolewa, kazi iliyobaki ni kukaza skrubu. Hayo yakataliwe. Paneli na mota ziwe za aina moja kwa shule zote, ili shule yenye fedha isinunue ushindi. Mengine yote yatoke hapa bondeni. Walimu na wazazi wakae nyuma ya kamba, mikono mifukoni.

Wapo wanaocheka, ati haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1987, katika mbio za kwanza za magari ya sola kutoka Darwin hadi Adelaide, karibu kilometa 3,000, ilishinda Sunraycer ya General Motors, kampuni kubwa mno. Mwaka 2001 wakashinda wanafunzi wa Delft, Uholanzi. Jirani zetu wa Uganda walionyesha basi lao la sola, Kayoola, mwaka 2016. Sisi tunaringia nini?

Naongeza sharti moja langu. Ifakara ni mji wa baiskeli, na kila msimu wa mavuno naona watu wazima wakisukuma magunia ya mpunga wakitweta. Kwa hiyo kila gari lishindane likiwa na mzigo: kilo moja ya mchele. Mashindano yawe Agosti, ardhi ikiwa kavu. Mchele nitautoa mimi.