Usitegemee chimbo moja, hata kama bei yake ni poa

Boss wangu unayeuza mtandaoni hapa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, leo tuongee kuhusu chimbo. Sio la dhahabu, la mzigo.

Wengi tuna chimbo moja tu, Kariakoo. Bei nzuri, mwenye duka anakujua kwa jina, unaona umemaliza. Sasa kumbuka Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma wakafunga maduka. Juni 2024 wakafunga tena. Mwenye chimbo moja ambaye ameshapokea hela za wateja, siku zile aliwaambia nini?

Wenzetu matajiri wanajipanga. Angalia Japani. Ufuta wao karibu wote unatoka nje, na wananunua kwetu Tanzania, Nigeria, Burkina Faso mpaka Paraguay. Mvua ikigoma kwa mmoja, wanaenda kwa mwingine. Na hawapokei kila kitu. Tangu 2006 wana sheria kali ya mabaki ya dawa za kilimo kwenye chakula. Mzigo ukizidisha kiwango unakataliwa, hata uwe rahisi vipi.

Ulaya walijisahau kwenye gesi. Mwaka 2021 zaidi ya theluthi moja ya gesi waliyoagiza nje ilitoka Urusi. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022, gesi ikapungua na bei ikapaa. Wakakimbilia Norway, Marekani na Qatar. Walipata, ila kwa bei ya mwenye shida.

Najua utasema, "Mtaji wangu laki tatu, nikiugawa nakosa bei ya jumla." Ni kweli. Mi sisemi ugawe nusu kwa nusu. Hela kubwa peleka chimbo lako kuu. Ila ile bidhaa inayotoka sana, mara moja moja chukua kidogo Mwanza au kwa mtu mwingine, akuzoee. Siku ukikwama hutaanza kutafuta namba za watu usiowajua, maana huko ndiko tunakopigwa.

Chimbo jipya lijaribu kwa pisi moja kwanza. Nguo ifue, buti livae wiki nzima, chaja ichomeke usiku kucha. Ikifeli, umepoteza pisi moja, hujapoteza wateja.

Mteja wetu wa huku hela yake haina tarehe. Akiuza dhahabu leo, anataka mzigo leo. Ukimwambia asubiri Kariakoo wafungue, hela inaenda kwa jirani yako.

Wewe una machimbo mangapi? Tuambie kwenye komenti.