Kazi ya Usafi Nayo Hufundishwa

Imezoeleka miongoni mwa watu wengi, na walimu wakiwamo, kuamini kwamba zipo kazi zinazohitaji mafunzo, na zipo nyingine ambazo mtu huzijua kwa kuwa na mikono tu. Katika kundi hili la pili kazi ya kusafisha ndiyo hutajwa kwanza. Sisi tunaona kwamba imani hiyo ni potofu, na kwamba madhara yake huanzia shuleni kabla ya kufika mahali pa kazi. Ili kuieleza hoja yetu tutatazama kwanza jinsi wasafishaji wanavyofunzwa ng'ambo, hasa Ujerumani, kisha tutauliza jambo hilo linamhusu vipi mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi.

Nchini Ujerumani usafishaji wa majengo ni ufundi unaotambuliwa na sheria, kama ulivyo useremala au uashi. Kijana anayetaka kuwa fundi wa kazi hiyo hufunzwa kwa miaka 3, na muda wake hugawanywa kati ya kampuni iliyomwajiri na shule ya ufundi. Mwisho wa mafunzo hufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Akifaulu anaweza kuendelea hadi daraja la fundi mkuu, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwafundisha wengine.

Pengine msomaji atauliza: miaka 3 ya kujifunza nini? Jibu ni kwamba msafishaji hukutana na vitu vingi visivyofanana tabia. Marumaru huliwa na asidi, hata ile iliyomo katika ndimu na siki. Kwa hiyo dawa inayong'arisha sinki la choo yaweza kuiharibu sakafu ya thamani kubwa kwa dakika chache. Dawa yenye klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu inayoweza kumdhuru vibaya mtu aliyejifungia bafuni akisugua. Mambo haya hayajulikani kwa kuwa na mikono. Hujulikana kwa kufundishwa, au kwa kuumia.

Aidha, kazi hii ina kanuni zake. Mwaka 1959 Mjerumani Herbert Sinner, mtaalamu wa sabuni, alieleza kwamba usafi wowote hutokana na mambo 4: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Aliyachora katika duara moja, kuonyesha kwamba likipunguzwa moja hapana budi mengine yaongezwe. Asiye na maji ya moto na aloweke muda mrefu zaidi. Anayetaka kupunguza dawa na asugue zaidi. Mwanafunzi akiielewa kanuni hiyo hahitaji kukariri maagizo 100, kwa maana anaweza kufikiri mwenyewe mbele ya uchafu asiopata kuuona. Hivyo ndivyo tunavyotaka katika hesabu na sayansi: kanuni moja iliyoeleweka huzaa majibu mengi.

Uingereza nako ipo taasisi ya sayansi ya usafi iliyoanzishwa mwaka 1961, ambayo hufunza na kupima ustadi wa wasafishaji kazi moja baada ya nyingine. Tena, mwaka 2007 hospitali za umma za huko zilipewa utaratibu wa kutenga vifaa kwa rangi: vyekundu vya vyoo na bafu, vya buluu vya sehemu za kawaida, vya kijani vya jikoni, na vya njano vya vyumba vya wagonjwa waliotengwa. Shabaha yake ni kuzuia vijidudu visichukuliwe kwa kitambaa kutoka chooni hadi kitandani mwa mgonjwa. Tazameni ualimu uliomo: mfanyakazi aliyetoka nchi ya mbali, ambaye hajaimudu lugha ya wenyeji, huisoma rangi mara moja. Hicho ni kifaa cha kufundishia kwa kila hali.

Sasa tuangalie njia ya kufundishia yenyewe. Mafunzo mengi ya kazi za mikono hufuata hatua 4 ambazo Mmarekani Charles Allen, aliyeshughulikia mafunzo ya wajenzi wa meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1919. Kwanza, mwalimu humwandaa mwanafunzi na kuchunguza anachokijua tayari. Pili, huonyesha kazi polepole huku akieleza sababu ya kila tendo. Tatu, mwanafunzi huifanya mwenyewe, na mwalimu husahihisha. Nne, mwanafunzi hupimwa kwa kuachwa afanye bila msaada. Mwanachuo atatambua hapa ndugu wa karibu wa andalio lake la somo.

Hata hivyo haifai tuzisifu nchi hizo kupita kiasi. Wengi wanaofagia ofisi za Ujerumani hawakupata kamwe ile miaka 3. Ni wafanyakazi wa saa chache kwa siku, wengi wao wanawake na wahamiaji, ambao huonyeshwa ndoo na ghala la dawa siku ya kwanza, kisha huachwa. Mkataba wa mishahara wa kazi hiyo una madaraja, na anayesafisha madirisha na kuta za nje hulipwa zaidi ya anayesafisha vyumba vya ndani. Basi anayenyimwa mafunzo hubaki pia katika ujira wa chini. Jambo jema ni kwamba sheria ya huko imeacha mlango wazi: aliyefanya kazi kwa muda unaozidi ule wa mafunzo mara moja na nusu, yaani miaka 4 na nusu, anaweza kuomba kufanya mtihani wa ufundi bila kupitia uanagenzi. Lakini mtihani huo una karatasi ya maandishi kwa Kijerumani. Mwanamke anayeijua kazi barabara huzuiwa mlangoni na lugha, na pengine na hesabu ya asilimia.

Hapo ndipo mwalimu wa shule ya msingi anapoingia. Wako watu wa kwetu wanaofanya kazi za usafi Ulaya na katika nchi za Ghuba, na Kenya hudai mafunzo kwa wafanyakazi wa nyumbani kabla hawajaondoka kwenda huko. Lakini mafunzo ya majuma machache hujengwa juu ya msingi uliowekwa na mwalimu wa shule ya msingi. Kibandiko kikisema dawa iwe nusu ya asilimia moja, na ndoo ni ya lita 8, mfanyakazi hana budi kujua kwamba anahitaji mililita 40. Akizidisha, atachoma ngozi yake. Akipunguza, vijidudu vitabaki. Ni hesabu ya darasani kabisa, ila kosa lake halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Je, sisi walimu tunamfundisha nini mtoto juu ya kazi hii? Katika shule nyingi anayechelewa hupewa ufagio, na mtukutu hutumwa kuosha vyoo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi iwe sehemu ya elimu. Tunapoigeuza kuwa adhabu tunafundisha kinyume chake: kwamba kusafisha ni fedheha, na anayesafisha ni mtu aliyekosa. Mtoto hulishika somo hilo vizuri kuliko masomo yote ya ubaoni. Akiwa mkubwa atampita mfagiaji bila salamu. Au akiwa mfagiaji mwenyewe, hataona kwamba anastahili kufundishwa wala kudai haki yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wanachuo watakaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Kwanza, msitumie usafi kama adhabu. Zamu iwe ya wote, wavulana na wasichana, na mwalimu naye ashike ufagio. Pili, zamu hiyo ifundisheni kwa zile hatua 4: onyesheni kwa nini kitambaa cha choo hakigusi meza, na kwa nini hufagiliwa kabla ya kupiga deki. Tatu, leteni kopo tupu la dawa, lililooshwa vizuri, darasani. Kibandiko chake kitawapa somo la kusoma, la hesabu na la sayansi kwa pamoja.

Mwalimu atakayefanya hivyo hatakuwa amewaandaa watoto wake kuwa wafagiaji wa nchi za watu. Atakuwa amewafunza kwamba hakuna kazi isiyo na elimu ndani yake, na kwamba yeyote aifanyaye anastahili mwalimu.