Mhimili wa Wima Uhojiwe Kabla ya Kununuliwa Mota

Mwaka 1952 ilionyeshwa watu, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mashine ya kuchonga chuma iliyotii tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Na maarifa yale, yaliyokuwa milki ya viwanda vikubwa, yameshuka daraja kwa daraja hata leo seremala mwenye kibao cha Arduino, programu ya Grbl itolewayo bure tangu 2009, na mota chache, aweza kujiundia nyumbani mashine ya CNC ya kuchongea nakshi za milango na vitanda. Naifurahia neema hii kwa dhati. Lakini nina rai juu ya waundaji hawa na walimu wao, nayo ni kwamba wepesi wetu wa kununua umeupita mno wepesi wetu wa kupima, na jambo hilo halidhihiriki popote kama katika mhimili wa wima, ule upandishao na kushusha kisu.

Mihimili miwili ya ulalo husukuma mzigo juu ya reli zilizolala sawasawa, wala uzito haupendelei upande wowote. Ilhali mhimili wa wima huubeba mzigo wake kila kisu kinapotoka katika mti, na hushuka nao kila kinaporejea, mara nyingi mno katika nakshi moja. Tena mota za hatua zitumikazo katika mashine nyingi za nyumbani hupokea amri pasipo kurudisha habari: zikishindwa kupanda, kompyuta huendelea kuhesabu kana kwamba zimepanda. Ndipo ua lililoanza kwa kina cha milimita 2 huishia kutoboa ubao, na mwenye mashine, kwa ghadhabu, huenda dukani kutafuta mota yenye nguvu zaidi.

Amma mimi naona kwamba kosa lenyewe, likitazamwa kwa utulivu, hutoa ushahidi wa asili yake. Ifungwe geji ya mshale mezani, mhimili uamriwe kushuka milimita 10 na kupanda 10, tena na tena. Ikiwa kosa hukua kwa kadiri ya amri, mathalani umeamuru 5 nao ukashuka 20, mota haina taksiri yoyote. Hesabu ndiyo iliyopotoka. Skrubu ya kupandishia mhimili, ile inayopatikana kwa wingi, ina milimita 2 baina ya uzi na uzi, na fundi huipima hivyo akaridhika, kumbe nyuzi zake ni nne zilizosokotwa pamoja, na mzunguko mmoja huipeleka nati milimita 8. Mota ya hatua 200, kila hatua ikigawanywa mara 8, hutaka basi mapigo 200 kwa kila milimita, wala si 800 aliyoyaandika.

Ikiwa kosa halizidi wala halipungui, nalo hutokea tu mwendo unapogeuka, nati imelegea juu ya skrubu, au beringi ina nafasi. Bali likiongezeka kila safari, mshale usirejee penye sifuri, kuna hatua zinazopotea au kapulingi, kiungo cha mota na skrubu, inayoteleza, na hakimu wa haya mawili ni kalamu ya wino: pigwe mstari mmoja upitao juu ya mhimili wa mota, kapulingi na skrubu, na mistari ikiachana, skrubu ndogo za kukazia ndizo zenye kosa. Isipoachana, umeme uzimwe na skrubu izungushwe kwa mkono, kujua kama reli zinabana. Kisha kasi ipunguzwe, kwa kuwa mota ya hatua hupungukiwa nguvu kadiri inavyozunguka mbio. Aghalabu hatua hupotea wakati wa kupanda, na kisu kikazidi kuzama.

Liko tena kosa liwadanganyalo hata mafundi stadi. Kisu cha msokoto, kile kinachotoa taka kwa juu, hujivuta chenyewe kuingia mtini, na kikiwa hakikukazwa vema hutoka kidogo kidogo katika kishikio chake, kina kikaongezeka ilhali mhimili hauna hatia. Geji husema kweli hapo, maana mhimili hurudi penye sifuri na bado ua limezama. Na alama ya wino juu ya shina la kisu humaliza shauri. Nimewaona watu wakibadilisha mota, draiva na hata nyaya kwa sababu ya kishikio kilichojaa vumbi la mbao, na nasikitika kwa fedha yao, lakini zaidi kwa yakini waliyoikosa, kwa sababu mashine ilipopona hawakujua imeponyeshwa na nini.

Atasema mtu kwamba fundi mwenye wateja hana wasaa wa kudadisi. Geji na kalamu humaliza kazi yao kabla duka halijafunguliwa, na mota kubwa iliyofungwa juu ya kapulingi inayoteleza itateleza vile vile. Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vya ufundi, vinapowafundisha vijana mashine hizi, vimpe kila mwanafunzi mashine ambayo mwalimu ameitia hitilafu kwa siri, asiruhusiwe kugusa bisibisi mpaka ameandika kwa mkono wake namna kosa linavyokwenda, na sababu ipi anaishuku, na ni kipimo gani kitakachomkanusha.