Bei ya Wiski Westlands: Hesabu Tusiyoipiga

Kila ifikapo Desemba, Wakenya wengi wanaoishi ng'ambo hurejea nyumbani, na mazungumzo yao na jamaa aghalabu huishia katika bei za vitu. Nauli hulinganishwa, karo hulinganishwa, kodi ya nyumba hulinganishwa. Katika mtaa wa Westlands jijini Nairobi, ambako maduka ya vileo ni mengi na rafu zake zimejaa chupa kutoka Uskoti, wiski nayo huingizwa katika mizani hiyo. Aliyesoma Edinburgh huigeuza bei kuwa pauni kichwani mwake, kisha akatangaza kwamba Nairobi ni rahisi mno. Anayefanya kazi Dubai hupiga hesabu yake kwa dirhamu, akafikia uamuzi wake. Mwenyeji asiyewahi kuvuka mpaka huwasikiliza wote wawili, akaguna kwamba kitu hicho ni ghali kupita kiasi. Wote watatu wanaitazama chupa moja. Nani basi msema kweli?

Ni vyema nieleze mapema kwamba makala haya hayakusudii kumtia mtu hamu ya kunywa. Walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanayajua vyema madhara ya ulevi, na wengi wao wameyaona darasani na majumbani. Nimeichagua wiski kwa kuwa ni kipimo chema cha uchumi. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinaagiza kwamba wiski ya Kiskoti lazima ikae katika mapipa ya mti wa mwaloni, yasiyozidi lita 700 kila moja, huko huko Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3, na nguvu yake isipungue asilimia 40. Umri ukiandikwa kwenye chupa, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Hivyo basi chupa ya aina moja haibadiliki ndani yake ikiuzwa Edinburgh, Dubai au Westlands. Kinachobadilika ni kodi, ni mshahara wa mnunuzi, na ni shabaha ya serikali inayotoza kodi hiyo.

Neno lenyewe lina historia ya kuchekesha. Wiski imetokana na maneno ya Kigaeli uisge beatha, yaani maji ya uhai. Kiswahili kimelipokea neno hilo kama kilivyopokea mvinyo kutoka kwa Wareno na bia kutoka kwa Waingereza. Tuna pia maneno yetu: tembo, busaa, chang'aa. Lakini sikiliza jinsi tunavyoyatumia. Kilichomo katika chupa yenye nembo tunakiita kinywaji, ilhali kilichomo katika mtungi wa jirani tunakiita pombe haramu. Tofauti hiyo haikuzuka yenyewe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vikwazo juu ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukavikaza. Katika koloni la Kenya, pombe kali ya Wazungu ilikuwa yao wenyewe, na Mwafrika alikatazwa. Kitu alichonyimwa mtu kwa sheria hugeuka kuwa alama ya heshima siku kizuizi kinapoondolewa. Hadi leo, chupa ya wiski mezani hupokewa kama ushahidi wa cheo, na bei yake huonekana kama sehemu ya utamu wake.

Sasa tuingie katika hesabu. Jambo la kwanza ni ujazo. Uingereza huuza chupa za sentilita 70. Marekani imezoea chupa za sentilita 75. Katika maduka ya Nairobi utazikuta zote mbili, pamoja na za lita nzima. Mnunuzi anayetazama bei peke yake hudanganyika kwa urahisi. Tuseme chupa ya sentilita 75 ni shilingi 3,000 na ya lita moja ni shilingi 3,800. Ya kwanza yaonekana nafuu, kumbe lita yake ni shilingi 4,000. Jambo la pili ni nguvu ya kileo, kwani asilimia 43 si sawa na asilimia 40. Mambo haya mawili mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuyamaliza kwa kalamu na karatasi.

La tatu ni kodi, na hapa ndipo wengi hupotea. Yamkini msomaji anadhani kwamba wiski hutozwa kodi ndogo kwao ilikotengenezwa. Mambo ni kinyume. Februari 2025 Uingereza ilipandisha ushuru wa pombe kali hadi pauni 32.79 kwa kila lita ya alkoholi halisi. Chupa ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 40 ina sentilita 28 za alkoholi halisi, kwa hiyo ushuru wake kwa kiwango hicho ni pauni 9.18. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Chupa ikiuzwa kwa pauni 20, zaidi ya pauni 12 kati ya hizo huenda serikalini. Uskoti yenyewe imeweka hata kiwango cha bei ambacho muuzaji haruhusiwi kushuka chini yake. Kiwango hicho kilianza Mei 2018, na tangu Septemba 30, 2024 kimekuwa peni 65 kwa kila kipimo cha sentilita moja ya alkoholi. Chupa hiyo haiwezi basi kuuzwa Edinburgh chini ya pauni 18.20.

Na Kenya je? Hadi mwisho wa mwaka 2024, pombe kali ilitozwa ushuru wa shilingi 356.42 kwa lita bila kujali nguvu yake. Sheria ya marekebisho ya kodi ya Desemba 2024 iligeuza utaratibu huo, ikaweka shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Kwa chupa ile ile ya sentilita 70, ushuru ni shilingi 280. Pauni moja ikihesabiwa kwa shilingi 170, ushuru wa Uingereza kwa chupa hiyo ni shilingi 1,560, yaani zaidi ya mara tano ya ushuru wetu. Ni kweli kwamba wiski inayoingia Kenya hulipiwa pia ushuru wa forodha. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika kutoka nje, vinywaji vya kileo vikiwemo. Kuna ada za uagizaji na za reli, halafu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Lakini ushuru wa forodha hupigwa kwa thamani ya mzigo unapoingia nchini, kabla muuzaji wa Westlands hajaweka faida yake na gharama ya taa zake za rangi.

Kodi inaweza pia kugeuka kwa amri ya siku moja. Dubai iliondoa kodi yake ya asilimia 30 juu ya vileo Januari 2023, kisha ikairudisha Januari 2025. Mkenya aliyefanya kazi huko katika miaka hiyo miwili na mwenzake aliyefika baadaye wataleta nyumbani bei mbili tofauti, na kila mmoja ataapa kwamba yake ndiyo ya kweli.

Kwa mahesabu haya, mwenzetu wa Edinburgh ana haki ya kusema kwamba Nairobi ni rahisi. Chupa ya pauni 20 kwake ni shilingi 3,400. Tuseme inayofanana nayo inauzwa Westlands kwa shilingi 2,200. Lakini je, ni rahisi kwa nani? Tangu Aprili 2025 mshahara wa chini kabisa kwa mtu mzima nchini Uingereza ulikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo kibarua wa huko aliipata chupa yake kwa kazi isiyotimia saa mbili. Mshahara wa chini wa kibarua jijini Nairobi, uliowekwa Novemba 2024, ulikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, ni takriban shilingi 620 kwa siku. Chupa ile inamgharimu siku tatu na nusu za jasho. Kwa mwenye mfuko wa pauni, Westlands ni rahisi. Kwa mwenye mfuko wa shilingi, ni ghali. Mwenyeji aliyeguna hakukosea hata kidogo.

Kufikia hapo mjadala wa sebuleni ungekwisha. Nionavyo mimi, hapo ndipo jambo lenye uzito linapoanza. Eneo bunge la Westlands si maduka yenye vioo tu. Ndani yake mna Kitisuru ya matajiri, mna Gigiri zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa, ambako wanadiplomasia wana msamaha wa ushuru kwa mujibu wa mikataba ya kimataifa, na mna Kangemi ya vibarua. Barabara ya Waiyaki inawaunganisha wakazi hawa na kuwatenga kwa wakati mmoja. Hebu tuone jinsi ushuru ule wa shilingi 10 unavyowaangukia.

Mnunuzi wa Kitisuru akinunua chupa ya sentilita 70 kwa shilingi 7,000, ushuru wa bidhaa ni shilingi 280, ambayo ni asilimia 4 ya bei. Kibarua wa Kangemi akinunua kichupa cha robo lita cha pombe kali ya humu nchini, chenye nguvu ile ile ya asilimia 40, tuseme kwa shilingi 350, ushuru wake ni shilingi 100, zaidi ya asilimia 28 ya bei. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani, kiasi cha asilimia 42 ya fedha zake zimekwenda serikalini. Utaratibu wa mwaka 2024 ulisifiwa kuwa wa haki kwa sababu unapima nguvu ya kileo, na ni kweli kwamba ini halijui bei. Hata hivyo, mfuko unaijua. Kwa pombe ya asilimia 40, mabadiliko hayo yaliupandisha ushuru kutoka shilingi 356.42 hadi 400 kwa lita. Nyongeza hiyo mnunuzi wa Kitisuru huenda asiihisi, ila wa Kangemi aliihisi siku hiyo hiyo.

Watetezi wa kodi watajibu kwamba hilo ndilo lengo: kileo kikipanda bei, watu watapunguza kunywa. Nao wana ushahidi. Uchunguzi wa taasisi ya afya ya umma ya Uskoti, uliotolewa mwaka 2023, ulikadiria kwamba kiwango kile cha bei kilipunguza vifo vinavyosababishwa na pombe pekee kwa asilimia 13.4. Lakini Uskoti haina chang'aa nyuma ya kila kichochoro. Mnywaji wa Kangemi aliyeshindwa na kichupa cha dukani ana njia nyingine, nayo ni hatari. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na marufuku hayo yakashindwa. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliiruhusu kwa masharti, lakini wapikaji wengi wakabaki gizani. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Februari 2024 zaidi ya watu kumi walikufa Kirinyaga kwa pombe ya sumu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akilinganisha bei za Edinburgh na Dubai. Walikuwa wakilinganisha bei ya kichupa na bei ya kikombe.

Aidha, bei ikipanda, mghushi hufurahi. Chupa tupu yenye nembo ya fahari hukusanywa, ikajazwa kitu kingine, ikarudi sokoni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa siku hizi hutia sumu. Ndiyo maana Mamlaka ya Mapato ilianza mwaka 2013 kutumia stempu za kielektroniki, na kuna programu ya simu iitwayo Soma Label ya kuzikagua. Mnunuzi anayekuta bei iliyo chini mno kuliko ya kila duka jingine na aikague stempu kabla hajafurahi.

Sera ya taifa iliyozinduliwa na NACADA Julai 2025 ilipendekeza kupandisha umri wa kuruhusiwa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21, na kuzuia uuzaji katika maduka makubwa na kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chiromo walio hatua chache tu kutoka baa za Westlands, ndio waliolengwa zaidi. Mapendekezo hayo yanastahili kujadiliwa kwa makini, lakini hayagusi kiini nilichokieleza. Kumfungia kijana mlango wa duka, huku kikombe cha kichochoroni kikibaki bila mlinzi, ni kumsukuma kuelekea kikombe.

Lifaalo kufanywa ni nini? Kwanza, Bunge liutazame upya ushuru huu, libakize kipimo cha nguvu ya kileo, lakini liongeze sehemu inayotokana na bei, ili chupa ya shilingi 7,000 ichangie kwa kadiri yake, na nyongeza za kila mara zisimwangukie maskini peke yake. Pili, fedha zitakazopatikana zitumike kukagua methanoli na kuwatibu waraibu, mambo ambayo hukumbukwa tu baada ya mazishi. Tatu, nasi walimu tuwafundishe vijana kupiga hesabu ya bei kikamilifu: ujazo, nguvu, kodi na saa za kazi. Kijana aliyezoea kuuliza chupa inamgharimu mtu siku ngapi za jasho atafikiri mara mbili kabla ya kuinunua, na akiwa mbunge kesho, atafikiri mara mbili kabla ya kuitoza.

Rahisi ni ghali, walisema wazee. Kikombe cha Kangemi ndicho rahisi kuliko vyote katika eneo bunge la Westlands, na walioinunua rahisi hiyo Kirinyaga waliilipia kwa uhai.